Mia na Ishirini ya Baba

Siku niliyozaliwa, Baba alimkimbiza Mama hospitali kwa mwendo wa kilomita mia na ishirini kwa saa, na tangu hapo hakuna mgeni wa nyumba yetu aliyemaliza chai yake kabla hajasimuliwa. Mshale wa dashibodi uligusa mia na ishirini. Aliuona kwa macho yake mawili. Hata mezani huuonyesha kwa kidole, shingo imenyooka, kana kwamba mshale wenyewe uko pale karibu na kopo la chumvi.

Gari ni pikapu, rika la Mama, na hakuna aliyewahi kuliendesha ila Baba. Kaka yangu aliomba mpaka akahama mji. Mimi nilianza kuomba nikiwa na miaka tisa. Niliporudi kwenye gereji ya Baba na stashahada yangu ya ufundi wa magari nikaomba tena, naye akanijibu mbele ya Brashi, mpaka rangi wetu:

"Likipita sitini linalia kama limefiwa. Mafundi wanane wameshindwa. Niambie kwa nini linalia, ufunguo wako."

"Shahidi mimi," akasema Brashi.

Asubuhi iliyofuata niliwaambia wote wawili kwamba nashuku difu. Injini huzungusha propela, ule mtalimbo mrefu chini ya gari, na propela huzungusha difu, nalo difu ndilo linalozungusha magurudumu ya nyuma. Kitabu cha gari kinasema propela izunguke mara tatu nukta saba ili gurudumu lizunguke mara moja. Nilitaka kujua kama gari hili linatii kitabu chake.

Jeki ilikuwa moja. Nikazuia magurudumu mengine kwa magogo, nikainua la nyuma kushoto, nikaweka gia huru. Nikachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, kisha nikaingia uvunguni chali.

"Zungusha mara moja, Brashi. Polepole, si unakoroga rangi."

Akazungusha. Nikahesabu. Mbili, na kipande kisichofika nusu.

"Mbili nukta nne," nikasema.

Baba alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. "Mbili nukta nne. Propela izunguke kidogo hivyo na gurudumu limalize duara? Brashi, kumbe nimefuga ndege ya abiria na sina habari. Miaka mitatu chuoni, mwanangu, wamekufundisha kuhesabu mpaka mbili?"

"Mzee, muulize hiyo nukta alifundishwa muhula gani," akasema Brashi.

Nilicheka na mimi, mchanga wa uvunguni ukiniingia mdomoni, na katikati ya kicheko nikaliona gurudumu la kulia. Limekaa chini, limetulia, halina habari na mtu. Basi nikakumbuka. Difu likiona gurudumu moja limegoma, hulipa la hewani mizunguko ya yote mawili. Nilichohesabu kilikuwa nusu ya jibu.

"Zungusha mara mbili kamili," nikasema.

"Mara moja imekushinda, unataka mbili?"

"Brashi, zungusha."

Propela ikapita moja, mbili, tatu, nne, ikaendelea, ikasimama kidogo tu kabla ya tano. Nikatoka uvunguni nikitema mchanga.

"Tano kasoro kidogo," nikasema.

"Haiwezekani," akasema Baba.

Nikamwaga oili ya difu, nikafungua mfuniko wa nyuma, nikahesabu meno nikitia chaki kila jino. Gia kubwa, meno thelathini na tisa. Ndogo, manane. Baba akahesabu mwenyewe. Akahesabu tena, safari hii akianzia jino jingine, labda lile lingekuwa na huruma. Thelathini na tisa. Gawa kwa nane: nne nukta nane na ushee.

"Hili si difu lililozaliwa na gari," nikasema. "Lilitoka wapi?"

Mama, ambaye ndiye mwenye stoo ya vipuri, alitoa kichwa dirishani. "Alilitoa kwenye vyuma chakavu, mimi nina mimba yako ya miezi minane. La zamani lilikuwa limevunjika."

"Boliti ziliingia zote," akasema Baba. "Kama viatu vyangu mwenyewe."

"Na meno ulihesabu?"

Mtu huyu hakubali hata plagi mpya iingie bila kuipima, na akiona umekaza nati kwa kukisia atakufukuza kwa ufagio. Aliangalia dari.

"Ndiyo maana linalia," nikasema. "Injini inakimbia mbio kali ili gari litembee tu. Hilo difu ni la kubebea mawe mlimani."

Ufunguo ulikuwa wangu tayari. Ningeweza kunyamaza. Lakini kichwa changu kikishapanda hakishuki, na mshale wa dashibodi hauoni magurudumu: waya wake unatoka kwenye mkia wa giaboksi, unahesabu propela tu, ukidhani difu bado ni lile la kitabu. Nikapiga magoti, nikaandika hesabu kwa chaki sakafuni. Mia na ishirini, mara tatu nukta saba, gawa kwa nne nukta nane saba tano. Brashi akainama akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira:

"Tisini na moja."

"Tisini na moja nini?" akauliza Baba.

"Mwendo wako, Mzee. Siku ile."

Mama aliangua kicheko mpaka akaegemea rafu, na makopo ya grisi yakaanza kubingirika. "Mimi nilijua," akasema akifuta macho. "Basi la wanafunzi lilitupita. Watoto wakanipungia mkono."

"Miaka ishirini na mitatu hukusema?"

"Siku ile nilikuwa na kazi nyingine, baba watoto. Na baadaye ulikuwa unasimulia vizuri sana."

Brashi alikaa chini kabisa. Baba alijaribu kukasirika, mashavu yakamsaliti, akacheka kwa pua, kisha kwa tumbo, na ilibidi ashike gari asianguke. Alipopata pumzi akatoa ufunguo mfukoni, akauning'iniza mbele ya uso wangu.

"Uchukue. Lakini kwanza niombe radhi. Kunivua kilomita ishirini na tisa mbele ya mke wangu si jambo dogo."

"Ahadi ilikuwa sababu, Baba. Sababu umepata."

"Radhi ndogo tu. Hata ya mdomoni."

Niliunyakua ufunguo, nikapanda, nikajivuta mpaka miguu ikafika kwenye pedali. Baba akaja dirishani.

"Hapo hutoki. Difu liko wazi, oili imo ndani ya beseni."

"Nitafunga mfuniko, nitatia oili, na jioni nitakupeleka nyumbani. Wewe utakaa upande wa abiria."

"Na radhi?"

"Siombi."