Banda la Njiwa Lashuka

Jioni ya kufungua msimu, Ersilia Bonfanti alifunga duka lake la jibini mapema, akavaa koti la manyoya ya sungura, akaviringisha mkate na soseji ndani ya gazeti, kisha akaenda kwenye jumba la opera la Borgovecchia. Mbele ya jumba kulikuwa na nguzo za mawe, mlango mkubwa na ngazi pana ya marumaru. Ngazi hiyo ilikuwa ya familia zenye vijumba, vile vyumba vidogo vya faragha kandokando ya ukumbi, zilizorithishana viti vyao kama wengine wanavyorithishana pua. Watu wa Banda la Njiwa, yale mabenchi ya juu kabisa chini ya dari, waliingilia kichochoroni. Mjenzi aliamriwa hivyo na mke wa mtawala wa zamani, ili harufu ya vitunguu isikutane na manukato. Mama yule alikufa, utawala ukafa, jamhuri ikaja. Ngazi zikabaki mbili.

Ersilia alikuwa amepanda ile ya kichochoroni tangu utotoni, na sasa magoti yake yalilia kama bawaba kuukuu. Alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kuingia opera bila kupanda mlima.

"Learco mwanangu," alimwambia bawabu, "nipitishe hapa mbele leo."

"Tikiti yako ni ya Banda, bibi."

"Mimi ndiye niliyekusimamia ubatizo."

"Ulinisimamia, na nakushukuru. Zunguka."

Akazunguka.

Katika sehemu ya pili, mwimbaji mkuu aliiparamia sauti ya juu, akateleza. Borgovecchia husamehe wizi na uzinzi, lakini si hilo. Banda zima likazomea, na katikati ya kuzomea likaanza kushuka. Lilishuka na mabenchi yake, taa zake na watu wake, taratibu, kama kijiko kinavyozama katika uji mzito wa mahindi. Mzee Anselmo, kinyozi aliyekaa kando ya Ersilia, alishika chupa yake ya mvinyo isimwagike.

"Tunashuka," alisema.

"Naona. Nyamaza kidogo, nataka kumsikia huyu mbuzi anavyomalizia."

Walipita kijumba cha akina Melegari na kuwakuta wakicheza karata, migongo imelielekea jukwaa. Bi Melegari akawaamkia kwa adabu, leso puani.

"Jioni njema, bibi," Ersilia akajibu. "Mumeo kaficha ree kwenye mkono wa koti."

Banda liligota sakafuni, nyuma ya viti vya chini, hatua chache kutoka mlango mkubwa. Maonyesho yakaendelea.

Kesho yake kamati ya jumba ilikutana. Mwenyekiti, Bwana Ottorino Melegari, aligongagonga mbao za Banda na kuridhika: hazikupasuka, na sauti ilivuma vizuri zaidi. Pengo lililobaki juu lingezibwa kwa turubai lililochorwa mawingu. Ersilia alikuwa amefika na Anselmo, na jibini ya kulainisha mioyo.

"Mheshimiwa, sasa sisi tuko chini. Bila shaka tutaingilia mlango mkubwa."

"Bibi Ersilia, Banda ni Banda, hata likishuka kuzimu. Mlango wake uko kichochoroni."

"Ngazi ya kichochoroni inaishia hewani, mheshimiwa."

"Tumeliona hilo." Alikata kipande cha jibini. "Tutawajengea nyingine ya kushukia."

Ikajengwa, ya mbao, nyembamba, na mkono wake wa kushikilia ukapakwa rangi ya dhahabu.

"Tusikose shukrani," Anselmo alisema walipoijaribu. "Babu zetu walipanda tu. Sisi tunapanda na kushuka."

Onyesho lililofuata, Ersilia alipanda hadi mawinguni, akapumzika, akashuka, akakaa. Alikuwa karibu na jukwaa kuliko siku zote za maisha yake; aliona hata rangi ya nywele ikimtiririkia mwimbaji shingoni. Safari hii sauti ya juu ilifikiwa. Banda likapiga makofi, wala halikusogea.

Pazia lilipofungwa, Learco alifungua mlango mkubwa. Ukungu wa bondeni ukaingia, ukamgusa Ersilia magotini. Wenye vijumba walipita kando ya bega lake wakitoka, wakimtakia usiku mwema mmoja mmoja. Wa mwisho alipotoka, Learco aliendelea kuushikilia mlango ukiwa wazi, kwa mikono miwili.

"Usiku mwema, bibi."

"Usiku mwema, mwanangu," alisema Ersilia, akachukua mkoba wake, akaanza kupanda ngazi ya mbao.