Maziwa ya Ngitili

Asubuhi moja Nyamizi alichuchumaa kumkamua ng'ombe wake, kibuyu katikati ya magoti, na maziwa yakakohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu aliyekula vumbi la mawe. Akaendelea kukamua, maana kilikuwa kikohozi cha mumewe Mwigulu, naye hakupenda kukatizwa.

“Mama Aneth,” yakasema maziwa, “mimi niko palepale.”

Palepale ni ndani ya duara la Mzee Donatus, kule Mwakitolyo, shimo la dhahabu lililoporomoka masika yaliyopita Mwigulu akiwa chini. Donatus alisema hakufukiwa mtu. Mwigulu kakimbilia Geita na mwanamke. Basi hakuna maiti, hakuna matanga. Kilio huanzia kwa mfiwa, na mfiwa huyu alinyimwa pa kuanzia.

Lakini mwili haungoji ruhusa. Mwigulu alioza, akawa hewa, akapenya nyufa za mwamba. Nyasi za ngitili, yale malisho yanayofungwa hadi kiangazi, zikamvuta. Kiangazi kikafika, ng'ombe wakafunguliwa. Sehemu yake nyingine ilishuka na maji ya kisima, ikaganda utando mweupe ndani ya birika la Nyamizi. Alikuwa akiukwangua bila kujua, masikini.

Akabeba kibuyu hadi kwa Donatus.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mama Aneth.”

Akammiminia kikombe. Donatus akanywa, akasikiliza kikohozi kikishuka kooni mwake, akafuta masharubu.

“Ndiye huyu. Kikohozi chake nakijua.”

“Basi mfukueni, nimzike.”

“Ee, mayo, mama yangu! Si ameshafika nyumbani? Tumfukue nani tena?”

Akaomba kikombe cha pili. Majirani waliokuwepo wakaona mzee kasema la maana. Wiki hiyohiyo duara jipya likaanza kuchimbwa kando ya lile la zamani.

Jioni Nyamizi alikunywa yaliyobaki, peke yake, kwa kuwa Aneth ameolewa Kahama. Mwigulu akatulia kifuani mwake, na joto lake lilelile. Nyamizi alijua akitoa pumzi tu, mume ataondoka nayo mlangoni, na huko ngitili nyasi zilibaki mashina matupu, hakuna la kumvuta tena. Akaibana. Akaibana mpaka machozi yakamtoka, ya kwanza tangu masika.

Kisha akapumua, kama watu wote.