Chumba cha Vyura

Jumatatu baada ya harusi ya binti, Shangazi alifagia chumba kilichoachwa wazi, akafuta vioo vya dirisha kwa gazeti lililoloweshwa, akakung'uta pazia, kisha akarudi kwenye korido kusubiri aambiwe ahamie.

Alikuwa amelala kwenye korido hiyo miaka ishirini na minne, kati ya kabati la viatu na mlango wa choo. Alikuja kumsaidia mdogo wake, mpima ardhi, binti alipozaliwa. Binti alitambaa, akasoma, akaolewa, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Shangazi kwamba kazi imekwisha. Alfajiri alipopiga magoti kusali, waliokwenda chooni waliiruka miguu yake. Wenye adabu walisema "samahani", wenye haraka walisema "amina". Yeye alimwomba Mungu kitu kimoja tu, mahali pake mwenyewe, na kwa kuwa hakupenda kumsumbua, hakutaja ukubwa.

Jumatano mpima ardhi alirudi kutoka kazini na tangi la kioo, kubwa kama sanduku la nguo. Akaliweka mezani katika chumba cha binti.

"Nimepata kitu cha kuweka humu," alisema. "Vyura."

"Wa kula?" aliuliza mke wake.

"Wa kutazama! Wadogo, wa bluu, asili yao misitu ya mbali. Porini wana sumu kali, lakini wakikulia kwenye kioo na chakula cha nyumbani, sumu haipo."

"Hata mtu ni hivyo hivyo," alisema Shangazi, akiendelea kukunja nguo. Kisha akaenda kusali, akasali kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Muuza samaki wa mapambo, ambaye ndiye aliyewaagiza vyura, alikuja kueleza kazi. Mpima ardhi alisikiliza dakika tano, simu ikaita, akatoka. Aliyesikiliza hadi mwisho ni Shangazi. Nyumba ya chura, alisema yule bwana, hutangulia wiki sita kabla ya chura mwenyewe. Chini hukaa kokoto, maji yapate pa kushukia. Juu ya kokoto wavu, juu ya wavu udongo wa nyuzi za nazi na mkaa uliopondwa. Halafu mimea, majani makavu, na wadudu weupe, wadogo kama chembe za chumvi, wa kula uozo. Maji ya bomba yalale siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi kabla ya kunyunyizwa, dawa itoke.

"Na kila chura awe na mahali pa kujificha," aliongeza. "Hapo msifanye ubahili, mama. Chura ukimweka njiani kwa wenzake, atakula, atanyamaza, utasema mzima huyu. Kumbe anakwisha."

"Huchukua muda gani?" aliuliza Shangazi.

"Kukwisha? Inategemea. Wengine wavumilivu."

Shangazi aliosha kokoto maji saba. Alipanda mimea, akaweka vifuu vinne vya nazi, kila kimoja na upenyo wake, visitazamane. Kila asubuhi na jioni alinyunyiza. Wiki ya pili, baada ya kuufukia mzizi mmoja, aliutoa mkono wa kulia akaona umekuwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

"Wifi, mkono wangu umepungua."

Mke wa mpima ardhi aliuchukua, akaulinganisha na wake. "Kweli. Unauma?"

"Hauumi."

"Basi afadhali. Utapita kwenye shingo ya chupa ya chai. Ile brashi imeisha nywele."

Wiki ya tatu ulifuata wa kushoto, ya nne mabega na miguu. Nguo, kwa bahati, zilipungua naye. Wiki ya tano hakufikia tena sinki, na mdogo wake, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimnunulia kigoda. Ilipotimia ya sita hakuzidi kidole cha shahada, na vyombo vilianza kulala vichafu, jambo lililozungumzwa mezani.

Vyura walifika watatu. Wa nne alikuwa amefia njiani. Walitoka kwenye kikopo wakaenda moja kwa moja kila mmoja kwenye kifuu chake, kama waliogawiwa kwa hati.

"Niweke ndani," Shangazi alimwambia mdogo wake. "Niangalie kama unyevu umeenea."

Alimbeba kwenye kiganja kwa uangalifu, kama yai, akamtua kwenye majani. Shangazi aliukagua unyevu. Kisha akaingia kwenye kifuu cha nne, akapiga magoti, akasali sala yote bila mtu kumruka. Alipotoka alikuta tangi limefungwa. Sheria ni hiyo, vyura huruka.

Godoro la korido lilitolewa siku ile ile, na kila mtu alikubali kwamba korido imependeza. Mke wa mpima ardhi alikuja kwenye kioo akauliza pasi iko wapi. Sauti ya Shangazi haikuvuka kioo, hivyo alionyesha kwa kidole upande wa jikoni, na pasi ikapatikana.

Vyura walikuwa majirani wema wasiosalimia. Waliimba asubuhi, kila mmoja peke yake, wakala nzi wasioruka, wakajificha. Wageni walipokuja, mpima ardhi aliwahesabia: "Dume, jike, jike, na yule pale dada yangu mkubwa."

"Naye ana ubluu?"

"Hapana, ni taa hiyo."

Baada ya miezi miwili binti alikuja kusalimia. Alisimama katikati ya chumba chake cha zamani, akatazama sakafu tupu na dirisha kubwa.

"Baba, chumba chote hiki kina meza moja tu. Si ungempa Shangazi?"

"Si nimempa?" alisema mpima ardhi. "Yumo."

Binti aliinama. Kweli alikuwemo, akichambua majani yaliyooza. Shangazi alipomwona aliacha kazi, akafuta mikono kwenye kanga, akaja hadi puani pa binti, kioo kikiwa katikati.

"Kaa kidogo, mwanangu," alisema. "Kaa hapo tu."

Binti alitazama ile midomo midogo ikisogea. Akatabasamu, akampungia.

"Hajambo kabisa," alimwambia baba yake, nao wakaenda sebuleni, ambako chai ilikuwa tayari.