Mtu wa Daftari

Wanafunzi walimwita Mama Kimya, na hakuwalaumu. Katika miaka kumi na mmoja ya kuwa mkutubi pale chuoni, neno "kimya" alikuwa amelitamka mara nyingi kuliko jina la mumewe. Uchaguzi ulipokaribia, maktaba ikageuka kijiwe: huyu na chama hiki, yule na chama kile, vitabu wazi na hakuna anayesoma. Alipochoka akawafungulia chumba cha magazeti, ghorofani.

"Kila Jumatano saa kumi njooni mbishane humu mpaka mkauke," aliwaambia. "Fulana za vyama sitaki, na kila mtu dakika tatu."

Wakaja kumi na wanne. Aliyewachangamsha ni binti wa mwaka wa pili waliyemwita Redio, maana ukimwasha hazimiki.

Jumatano ya tatu akaingia mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, akakaa karibu na mlango. Alitoa daftari akawa anaandika, kichwa chini. Siku hiyo Redio alisema, "Mbunge wetu nimemwona kwenye mabango tu. Nikikutana naye nitamuuliza gundi yake anainunua wapi, maana inashika kuliko ahadi zake." Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Yule mtu hakucheka. Aliandika.

Mkutubi alirudi nyumbani na kicheko chake. Wakati wa chakula aliwasimulia mumewe na shemeji yake, yule mdogo wa mumewe aliyekuwa akiishi nao, dereva wa pale pale chuoni. Shemeji alicheka nusura apaliwe.

Jumatatu Makamu Mkuu wa chuo akamwita ofisini.

"Nasikia maktaba siku hizi ina burudani," alisema, akipanga kalamu zake mezani. "Eti kuna mtu anataka kumuuliza mbunge misumari yake anainunua wapi. Huyo anayeitwa Redio ni nani hasa?"

"Wale wana majina ya utani mengi, mzee. Hata mimi nachanganyikiwa."

"Usichanganyikiwe sana, mama. Uchaguzi utapita, kazi utaitaka."

Alitoka mle akiwapitia kichwani wote waliokuwepo Jumatano. Chumba cha magazeti hakikuwa na mgeni mwingine, na hakuna mwingine aliyekuwa akiandika. Hesabu yake ikaishia kwa yule wa karibu na mlango.

Jumatano iliyofuata wakaja tisa. Habari kwamba Makamu anamuulizia Redio zilikuwa zimeshaenea, haijulikani kwa njia ipi. Redio mwenyewe alikuwa kimya, anachezea kifuniko cha kalamu. Kila aliyefungua mdomo alitupa jicho mlangoni kwanza, kisha akasema jambo lisilo na kichwa wala miguu. Mkutubi akashindwa kuvumilia. Alimwendea yule mtu, akamsimamia mbele za watu.

"Samahani, kaka. Wewe umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nasoma masomo ya jioni hapa."

"Basi kasome jioni. Sasa hivi ni saa kumi."

Yule mtu alimtazama kidogo, akafunga daftari, akaondoka. Walishusha pumzi, lakini mazungumzo hayakurudi. Kabla ya saa kumi na moja chumba kilikuwa kitupu.

Kesho yake jioni yule mtu alikuja kaunta kurudisha kitabu cha hesabu. Hakumsalimu. Mkutubi alipomwona yuko peke yake akajikaza. "Hilo daftari. Naomba nione ulichoandika juu yetu."

Alilisukuma juu ya kaunta. "Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti," alisema. "Tuko saba karakanani. Wenzangu hawawezi kuacha kazi saa kumi, kwa hiyo mimi nakuja nawaandikia. Kesho yake tukipumzika nawasomea. Wanabishana kuliko ninyi."

Maandishi yalikuwa makubwa, ya mkono uliozoea chuma. Aliyelalamikia barabara mbovu, yupo. Aliyesema vijana hawapigi kura, yupo. Na Redio yupo, neno kwa neno: *gundi yake anainunua wapi*.

Mkutubi alisoma neno hilo mara mbili. Gundi. Makamu alikuwa amesema misumari. Na aliyeichomeka misumari alimjua: ni yeye mwenyewe, pale mezani, gundi ilipomtoka kichwani. Isipokuwa mezani kwake, misumari haikuwahi kusikika popote.

"Nimekukosea mbele za watu," alisema. "Jumatano njoo, nitaomba radhi mbele yao."

"Nitaona," fundi alijibu, akachukua daftari lake.

Nyumbani alimkuta shemeji anavua viatu.

"Shemeji, kile kichekesho cha mbunge ulimwambia nani?"

"Kipi? Aa, misumari." Alitabasamu. "Nilimsimulia bosi wangu, Makamu, tukiwa garini kwenye foleni. Alicheka sana. Kwani kuna tatizo?"

Alimtazama usoni, akatafuta hila. Uso ulikuwa ule ule, wa mtu aliyembebea mtoto wake mgonjwa hadi zahanati. "Na Redio ulimtaja?"

"Sikumbuki. Labda."

Mumewe, aliyekuwa ameshaanza kula, alikohoa, akaomba chumvi.

Jumatano walikuja sita. Mkutubi aliwaambia wazi kwamba mdomo uliotoa maneno nje ulikuwa wake, mezani nyumbani kwake, akaomba radhi kwa wote na kwa fundi, ambaye kiti chake kilikuwa kitupu. Redio aliuliza, "Na kutoka nyumbani kwako, nani aliyapeleka kwa Makamu?" Akajibu, "Mtu wangu," na hawakumsukuma. Walizungumza nusu saa, kwa sauti za chini. Fundi alifika wakimaliza, akasimama mlangoni mpaka binti mmoja alipomsogezea kiti.

Jioni shemeji alimkaribia jikoni, akachukua kisu amsaidie kumenya viazi.

"Leo ilikuwaje huko? Mlichekea nini?"

Swali lile lile la kila wiki, kwa sauti ile ile. Alisikiliza kama ndani yake kuna kingine, asijue.

"Tulisoma magazeti," alisema, akaosha kiazi ambacho kilikuwa kimeshaoshwa.