Mushipa wa Kanyamibwa

Maumivu yalimshika Kanyamibwa asubuhi, pale Nyamitaba, akiwa anakamua ng'ombe, ndoo iko kati ya magoti. Yalianza kifuani yakapita mpaka mgongoni, kati ya mabega. Mwenyewe alisema ni kama muntu anapasua kitambaa ndani yake. Munganga wa Kitshanga alimpima presha mkono wa kulia, halafu wa kushoto, akakuta mikono hailingani hata kidogo.  Alimpa dawa ya kushusha presha, akatafuta gari la kuwapeleka hospitali kubwa ng'ambo ya mpaka, kwa wapasuaji wa moyo, akamwagiza Mukandori, bibi ya mgonjwa, asimpe kitu cha kula njiani.

Mukandori alishika agizo hilo vizuri. Viazi vilivyofungwa na Annonciata, dada ya Kanyamibwa aliyesafiri nao, vilibaki ndani ya kitambaa chao cha maua, na ndizi mbivu vilevile. Ila walipokaribia hospitali aliona midomo ya bwana yake imekauka. Akammiminia kikombe cha kivuguto, maziwa ya kuganda ya ng'ombe wao wenyewe, mazito, ya baridi. Kanyamibwa alimaliza yote akafuta masharubu.

Skaneri ilikuwa mashine nyeupe yenye tundu la mviringo, kama mdomo wa mzinga wa nyuki. Walimlaza juu ya kitanda chembamba, wakamtia mshipani dawa iliyomletea joto mwili mzima, wakamwambia abane pumzi. Kitanda kikaingia, kikatoka.

"Imenimeza, halafu imenitapika," alimwambia bibi yake. "Imeona nyama yangu iko mugumu."

Dokta Josiane, mpasuaji wa moyo, aliwaita wale wanawake wawili mbele ya picha. Aliwaonyesha mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ambao ukuta wake una tabaka kama shina la mgomba. Tabaka la ndani limepasuka, akasema, na damu inajipenyeza kati ya tabaka na tabaka, inazidi kuyabandua. Ndiyo maana mahali pa njia moja walikuwa wanaona njia mbili, na ukuta mwembamba katikati. Kama mpasuko ungeanzia chini, mgongoni, wangejaribu kwanza na dawa. Lakini picha ilionyesha unaanzia juu kabisa, karibu na moyo.

"Hii haingoje kesho, Mama. Tunamupasua sasa. Alikula saa ngapi?"

"Hakukula," Mukandori alisema, na kwake hiyo ilikuwa kweli tupu. Pale Nyamitaba maziwa yananywewa, hayaliwi. Mtoto anaweza kushiba maziwa mpaka tumbo linalia, na mama yake bado atasema hajala.

Dokta akaeleza kwamba ni vizuri hivyo, kwa sababu muntu akilazwa usingizi wa dawa, vitu vya tumboni vinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, akafa kabla kisu hakijamgusa.

Vitu vya tumboni. Mukandori aliliona lile rojo jeupe mle ndani. Akisema, labda watamrudisha angoje, na yeye amesikia haingoje. Akinyamaza, labda maziwa yatapanda. Annonciata alikuwa amesoma uso wake. Akambana mkono chini ya kitenge, kwa nguvu, maana yake anyamaze.

"Dokta," Mukandori akasema, "hakukula, lakini alikunywa kivuguto. Kikombe kizima. Njo sasa tu, mbele ya kuingia hapa."

Dokta Josiane hakumfokea. Aliuliza kikombe kikubwa namna gani. Mukandori akaonyesha kwa mikono. Basi dokta akasema hawatangoja. Watapitisha mpira mwembamba puani kunyonya maziwa, na mwenye dawa ya usingizi atamlaza kwa njia nyingine, ya haraka, akilinda koo. "Sasa atajua cha kulinda," akasema, akaenda kumwambia.

Wanawake walikaa kwenye benchi. Viazi havikuguswa. Jua lilihama kutoka dirisha moja mpaka lingine, Annonciata akasali rozari, akasinzia, akaanza upya.

Mwishowe dokta alitoka, nywele zimelowa jasho. Kipande kilichopasuka kimebadilishwa, akasema, damu imerudi kwenye njia yake, na mapafu ni safi. Siku zinazokuja bado ni za kuangalia sana.

Waliruhusiwa kusimama mlangoni. Kifua cha Kanyamibwa kilikuwa kinapanda na kushuka chini ya shuka, polepole.

"Mudomo yako hii, wifi," Annonciata alinong'ona. "Karibu uniue na woga."

"Wewe utapona," Mukandori akamjibu, bila kutoa macho kwenye ile shuka.