Nani Kafungua Zizi?

Kila Desemba naomba ruhusa kambini Natta, ninakowapikia watalii, nakuja Morotonga kwenye tamasha la sinema za kutisha. Mwanangu Godwin hunicheka. Ananiambia sinema zote ziko kwenye simu. Ziko, sikatai. Lakini kuogopa peke yako chumbani ni kujitesa tu. Tukiogopa wote bandani, mchana kweupe, madirisha yamezibwa kwa magunia, tunatoka tumekuwa ndugu.

Tamasha ni la Mzee Kisyeri. Tangu nikiwa msichana yeye ndiye aliyesimama mbele na kipaza sauti kututafsiria, na ya mwisho kuonyeshwa ni ileile kila mwaka: sinema ya kigeni ya mwanamke mfu anayerudi kwake. Kisyeri alitueleza kwamba mfu yule anafuata ng'ombe wa mahari yake waliotoroshwa. Akifika mlangoni anauliza, "Nani kafungua zizi?" Hapo kila mtu humkamata aliye karibu. Mwaka mmoja nilimkamata mkono kijana nisiyemjua, akaja kuwa marehemu baba Godwin. Nawakumbuka wote wawili, yeye na ile sauti ya Mzee.

Mwaka huu Mzee amepasuliwa koo, sauti imekwenda. Mpwa wake Simon akaleta nakala mpya yenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Mzee mwenyewe akakaa nasi kwenye benchi la mbele, fimbo magotini.

Tukasoma. Hakuna ng'ombe. Hakuna mahari. Mwanamke anamtafuta mtoto wake, basi. Vijana nyuma wakaanza kucheka.

"Kumbe tata Kisyeri alikuwa anatunga tu," mmoja akasema.

Mzee aliinama, akashika fimbo, akanyanyuka. Nilijua akitoka kwenye mlango ule, hatarudi, na tamasha limekwisha. Nikapaza sauti.

"Simon, ondoa hayo maandishi."

"Mama Godwin, lakini ndiyo maana yenyewe."

"Ondoa, mura. Sisi tumefuata maana ya Kisyeri. Na nyie huko nyuma, anayetaka kusoma arudi shule."

Akayaondoa. Mfu akatembea kimya hadi mlangoni. Akafungua mdomo, na mimi nikafungua wangu, kumbe kila mtu alikuwa amejiandaa:

"Nani kafungua zizi?"

Wale vijana wakapiga yowe. Mkono wangu ukatafuta wa kushika, kwa mazoea, ukampata Mzee. Alikuwa amesharudi kukaa, midomo inamcheza, na vidole vyake vilitetemeka kuliko vyangu. Akanibana kwa nguvu. Miaka yote ile alikuwa amesimama peke yake kule mbele, akitutisha, na hakuna aliyewahi kumshika mkono.