Nyasi za Mgeni Asiyefika

"Kila mwezi damu," shangazi Vestina alikuwa anafoka, "halafu mnaniambia huyu ana tumbo la kuzaa?"

"Damu hiyo ndiyo inakuonyesha tumbo lipo kazini," na mimi nikapaza sauti.

Wakanigeukia. Mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne na ziro, kwa hiyo nikifungua mdomo ni fujo. Ila Baiolojia nilifaulu, ndiyo hiyo hiyo moja.

Shangazi alitoka Muleba asubuhi hadi kwetu Kibeta na neno moja: Judica, mke wa kaka yangu Rwekaza, arudi kwao Kaagya. Miaka miwili hajashika mimba. Begi lake lilishawekwa mlangoni. Eti tumbo lake linamtema mtoto kila mwezi. Mama anaitikia kwa kichwa tu, ndiyo, ndiyo. Kaka, kifua chote kile cha kubebea magunia ya kahawa, kainamia simu.

Nikamuuliza shangazi nyasi mbichi alizokalia, zile tunazomtandikia mgeni sakafuni, kazitandika nani. Akasema Judica. Na yeye shangazi asingekuja? Zingenyauka, zitolewe, zitandikwe nyingine.

"Basi na mfuko wa uzazi ni hivyo hivyo. Kila mwezi unatandika. Ukuta unanenepa, mishipa ya damu inajaa, yai likishatoka homoni inaulainisha, ili mimba changa ikifika ijichimbie humo ipate chakula. Isipofika, tandiko linatoka. Hakuna mtoto aliyetemwa hapo. Mgeni hajafika, nyie mnamfukuza anayetandika."

Shangazi akatazama nyasi chini yake kama zimemtukana. Halafu akauliza polepole, mgeni mwenyewe anatoka kwa nani.

Wote wakamtazama Rwekaza.

Judica, kwa sauti ya chini, akakumbusha kwamba yeye alishapimwa, yuko sawa, na daktari alimwita mume. Mume hajaonekana hadi leo.

"Dume halipimwi," kaka akasema.

"Dume la ng'ombe la jirani yetu mzee Ishengoma lilipimwa," nikamwambia, "na wala halikununa."

Mama akaniambia nitoke. Lakini Judica alishainuka. Akafungua lile begi, akatoa magauni yake moja moja, akaingia chumbani, akarudi na mashati mawili ya Rwekaza. Akayakunja vizuri, akayatia ndani, akamwekea mumewe begi mapajani.

"Kliniki wanafungua asubuhi," akasema. "Safari hii ni yako."

Shangazi, sijui kapatwa na nini, akamwambia kaka aongeze na sweta.

Nikatoka, nikafunga mlango taratibu, nisije nikapeperusha nyasi.